Siku nilipogeuka bendera: helikopta ya dawa ya pamba na waya wa shangazi yangu, Kabambare

Wakuu, salamu kwenu mlioko ofisini mkijifanya mna kazi, na ninyi mlioko kitandani mkijifanya mnasoma.

Juzi kuna ndugu aliweka humu picha ya droni ikinyunyizia dawa shamba la mpunga, akaandika kwamba mababu zetu hawakuwahi kuona kitu kama hicho. Nikacheka peke yangu mpaka chai ikanipalia.

Ndugu yangu, hao mababu ni mimi. Nina miaka themanini na ushei, macho bado yanaona, vidole bado vinaandika. Na tuliona. Mimi niliona kwa karibu kuliko nilivyopenda, nikiwa nimevaa chupi tu.

Haya ni mambo yaliyonipata mwenyewe. Kila neno ni la kweli, isipokuwa mahali nitakapoonekana shujaa. Hapo jueni nilikuwa naanguka.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, huku kwetu kusini mwa Maniema. Kila familia ilikuwa na shamba la pamba kwa amri. Sisemi kwa mkataba, nasema kwa amri. Mpunga ulikuwa wa kula, mihogo ya kula, pamba ilikuwa ya Leta. Leta ndiyo serikali, kwa wale wasiojua lugha yetu.

Mimi nilikuwa kijana mwenye cheti kutoka shule ya kilimo, na kazi yangu ilikuwa moniteri, yaani msaidizi mweusi wa bwana kilimo mzungu. Nilipewa suruali nyeupe, shati jeupe, na kofia ngumu. Nilitembea kama vile pamba imeota kwa ruhusa yangu.

Bwana kilimo wetu watu walimpa jina Sasa-Hivi, kwa sababu kila alichotaka alikitaka sasa hivi. Hakuwa mtu mbaya sana. Alipenda karatasi. Kitu kikiwa kwenye karatasi kwake kilikuwepo, na kisipokuwa kwenye karatasi ulikuwa unamsumbua.

Mwaka huo viwavi walikula pamba vibaya. Sasa-Hivi akaniita, uso umemng'aa, akasema helikopta itatoka Kasongo kuja kunyunyiza dawa kwenye bonde letu, upande wa kuelekea Wamaza. Kazi yangu ni moja: kuweka alama kwenye waya zote kabla haijafika.

Akanieleza vizuri, na nawaeleza ninyi pia maana ndio moyo wa uzi huu.

Helikopta ya dawa inaruka chini sana, karibu iguse pamba. Rubani akiwa juu haoni waya. Waya ni mwembamba, una rangi ya majani makavu na vumbi, unapotea. Anachoona ni nguzo. Akiona nguzo mbili anajua katikati kuna waya, ananyanyuka. Lakini waya uliofungwa kwenye miti, usio na nguzo, huo ni kifo. Unajisokota kwenye lile pangaboi la juu, na mashine inashuka kama jiwe na mtu ndani.

Sasa-Hivi akanipa jora la amerikani nyeupe nikate bendera, na ramani. Kwenye ramani kulikuwa na mstari mwekundu wa simu, ukifuata barabara kukatiza bonde letu. Chini yake kulikuwa na saini ya Sasa-Hivi mwenyewe. Kila mwaka alikuwa akiandika kwamba laini imekaguliwa na ni nzima.

Nikasema kwa adabu, "Bwana, pale bondeni nguzo ziko. Waya haziko."

"Ramani inasema ziko."

"Hazijakuwepo tangu niko mutoto, bwana."

"Basi utatundika bendera mahali zilipo kwenye ramani. Sasa hivi."

Nikaenda. Wakuu, nilitundika bendera kwenye nguzo zisizo na waya, nguzo hadi nguzo, watu wakiniangalia kwa huruma.

Sasa mtauliza: waya zilikwenda wapi?

Hapa ndipo pagumu. Zilikuwa kwenye mpunga.

Anayelima mpunga anajua. Mpunga ukianza kutia maziwa, wanakuja wale ndege wadogo, makundi kwa makundi, na asubuhi moja tu wanakuachia makapi. Kwa hiyo unajenga dungu, kile kichanja cha kukaa juu, unavuta kamba kutoka dungu hadi miti ya pembeni, unatundika makopo. Ndege wakitua, unavuta, makopo yanapiga kelele, wanaruka. Kamba za mmea zinaoza haraka. Lakini waya wa simu hauozi.

Miaka mingi nyuma dhoruba iliangusha ile laini. Ikalala porini muda mrefu, hakuna aliyekuja kuiulizia. Usiku na mchana ikapungua. Kila mwenye mpunga bondeni akawa na kipande chake, kimevutwa juu kutoka mti hadi mti. Na kila mtu alijua kwamba kugusa waya wa Leta ni gereza.

Shangazi yangu Mwajuma, dada wa marehemu baba, ndiye alikuwa na kipande kirefu kuliko vyote. Kilivuka shamba lake lote la mpunga, na shamba lake lilipakana na pamba moja kwa moja.

Najua urefu wake kwa sababu nilikifunga mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwepesi wa kupanda miti. Ilikuwa kabla sijawa msomi.

Siku tatu kabla ya helikopta nikaenda kwake nimevaa kofia yangu ngumu.

"Shangazi, ile waya tuitoshe," yaani tuiondoe.

Alikuwa anapepeta. Hakuinua kichwa.

"Ndege umewaambia?"

"Helikopta itakuja kupita pale. Itajifunga. Mutu atakufa."

"Mupunga iko mu maziwa, baba. Nikitosha leo, kesho nakula nini? Hiyo kofia yako?"

"Basi nimwambie Bwana Sasa-Hivi iko waya, aweke kwenye ramani."

Hapo akainua kichwa.

"Mwambie. Mwambie na nani alipanda miti kuifunga. Tutaenda wote wawili gerezani, weye utanisomea gazeti."

Nikakaa chini. Wakuu, nilikuwa na mambo mawili kichwani na yote mawili yalikuwa watu. Mmoja mzungu nisiyemjua, aliye mahali fulani Kasongo anafuta kioo cha mashine yake. Mwingine aliyenilea. Nikisema, huyu anafungwa. Nikinyamaza, yule anakufa.

Msomi akibanwa anatafuta njia ya tatu. Niliipata, na nilijiona nina akili sana. Hiyo ilikuwa ishara mbaya ambayo sikuitambua.

"Shangazi, siku ile tundika nguo. Funika waya yote na vitenge. Mzungu wa juu ataona nguo, atapita mbali. Mzungu wa chini ataona nguo, atasema ni siku ya kufua."

Akarudisha macho kwenye ungo.

"Shule imekusaidia kidogo," akasema.

Kilichofuata sikukipanga. Jirani mmoja alimwona Shangazi anachagua vitenge vyake vizuri, vile vya Idi, si vile vya shambani. Akamuuliza kwa nini. Shangazi hakusema. Kwa wanawake wa kwetu kutokusema ni kusema sana. Kufika jioni bonde zima likawa linajua kwamba Mwajuma anatundika nguo za sikukuu kwa sababu ya wazungu wa helikopta, na mpwa wake ni mtu wa Leta, kwa hiyo kuna jambo.

Hakuna aliyetaka kupitwa. Wenye waya walitundika kwenye waya. Wasio na waya walivuta kamba za porini wakatundika hapo. Wakristo wakatoa vitambaa vya meza. Mke wa kapita, yule msimamizi wa kijiji, akatoa pazia.

Asubuhi ya siku yenyewe nilisimama juu ya kilima nikaona bonde limechanua rangi zote. Kila waya wa hatari umevaa nguo. Nikasema moyoni, hii ni kazi ya kupewa medali.

Helikopta ikaja ikatua kwenye uwanja wa mpira. Sitaeleza zile kelele. Mzee mmoja alianza kusali, akakosea, akaanza tena.

Rubani alikuwa mtu mfupi, amechoka, mikono imejaa makovu. Hakusalimia watu wakubwa kwanza. Alikuja kwangu mimi moja kwa moja kwa sababu aliambiwa mimi ndiye niliyeweka bendera, akaniuliza kwa Kifaransa kama nimetembea kwa miguu yangu chini ya kila waya.

Nikasema ndiyo.

"Na zile nguo?"

"Leo ni siku ya kufua."

"Nguo zimetundikwa kwenye nini?"

"Kamba, bwana."

Aliniangalia machoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amezika marafiki wawili kwa sababu ya waya ambazo mtu alisahau kuzitaja. Halafu akavaa kofia yake akapanda.

Naandika haya leo na bado masikio yanawaka.

Alipita mara ya kwanza upande wa mbali, juu ya pamba tu, akapita vizuri kabisa. Dawa ikatoka nyuma kama ukungu mweupe. Upepo ukaupokea ule ukungu, ukauleta polepole kuelekea kijijini.

Wanawake wakaisikia harufu.

Kwanza mmoja alisema, "Eh." Halafu mwingine akapiga ukelele:

"Vitenge vyetu! Hiyo sumu inakuja ku vitenge vyetu!"

Wakuu, katika maisha yangu nimeona majeshi yakikimbia. Sijaona kitu kilichokwenda haraka kama wale mama kwenye zile nguo. Kabla hujamaliza kusema bismillahi, bonde lote lilikuwa tupu. Nguo zimetoka, waya zimebaki uchi, hazionekani kabisa.

Na helikopta ilikuwa inageuka.

Safari hii ilikuwa inashika mstari wa pamba ya upande wetu. Mwisho wa mstari huo ni mpunga wa Shangazi.

Nilikimbia. Kofia ikaanguka, sikuirudia. Nilipofika, Shangazi alikuwa anavuta kitenge cha mwisho.

"Shangazi! Kirudishe!"

"Kitaharibika!"

"Mutu atakufa!"

"Basi weka ya kwako!"

Hakuwa anatania. Nami sikuwa na muda wa kubishana. Nilivua shati, nikavua suruali ya Leta, nikapanda dungu nikiwa na chupi. Nikarusha suruali juu ya waya, shati nikaanza kulipepea. Helikopta ilikuwa inakuja imeinamisha pua, na niliona wazi kwamba haioni suruali wala mwenye suruali.

Basi nikashika waya kwa mikono miwili, nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Makopo yakalia kuanzia mti hadi mti. Na ndege! Wale ndege walikuwa wamejaa mle chini kwa sababu wote tulikuwa tunashangaa mashine, hakuna aliyekuwa anawafukuza. Waliinuka wote kwa mara moja, wingu zima, likasimama kama ukuta mbele ya rubani.

Helikopta ikasimama hewani. Nasema kweli, ilikaa kitako hewani, ikapinda pembeni, ikapita juu ya mti nikaona miguu yake ya chuma.

Upepo wake ndio ulioangusha dungu.

Nikabaki naning'inia kwenye waya kwa mikono miwili. Nilifumba macho. Chini yangu nilihisi kuna shimo lisilo na mwisho. Nilitubu dhambi zote nilizokuwa nazo, na mbili nilizokuwa nimepanga.

Nikamsikia Shangazi chini:

"Shuka."

"Siwezi! Nitavunjika!"

"Baba, fungua macho. Vidole vya miguu vyako viko mu majani ya mupunga."

Nilifungua. Waya ulikuwa umelegea kwa uzito wangu. Nilikuwa kiganja kimoja tu kutoka ardhini.

Nilipoachia, Sasa-Hivi alikuwa amesimama pale, na nyuma yake kijiji chote.

Akaja akashika waya. Akaufuata kwa kidole. Aliujua. Ulikuwa waya wake, waya wa ile laini nyekundu ya kwenye ramani.

"Hii ni nini?"

Shangazi alifungua mdomo, nikamuwahi.

"Ni waya ya simu, bwana. Iko yangu. Niliifunga mimi."

Huu, wakuu, ndio ukweli pekee niliousema siku ile mpaka wakati huo, na niliusema nikiwa na chupi.

Akafungua mkoba wake wa karatasi, kwa hasira, ili atoe ramani aandike. Akaitoa. Akaitazama. Nikamwona anasoma saini yake mwenyewe. Laini imekaguliwa. Laini ni nzima. Mwaka jana, mwaka juzi, na mwaka wa kabla yake.

Kama hii ni waya ya simu, basi kile alichokuwa anakagua miaka yote hiyo ni nini?

Akakunja ramani taratibu.

"Hii," akasema, "ni kamba. Kamba ya porini."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa watu wenye adabu.

Rubani alikuwa ameshatua kwenye pamba, anakuja kwa miguu, mweupe kuliko kawaida yao. Akashika waya, akauachia, makopo yakalia.

"Ni waya huu."

"Ni kamba," akasema Sasa-Hivi.

"Mmea gani una makopo?"

Sasa-Hivi akasema Kongo ina mimea mingi. Rubani akanigeukia mimi akasema harudi juu mpaka aambiwe mahali zilipo nyingine zote. Nikawatafsiria watu.

Kila mtu anaangalia vidole vya miguu yake. Watu zaidi ya mia, na kila mmoja alikuwa anajua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Ndipo Shangazi akasogea mbele ya Sasa-Hivi, kitenge kimekunjwa begani.

"Bwana, samahani. Hii iko nini?"

"Kamba."

"Na mutu mwenye iko na kamba, anafungwa?"

Sasa-Hivi aliitia ramani yake mkobani.

"Hapana. Kamba si kosa."

"Haki ya Mungu?"

"Si kosa!"

Shangazi akageukia watu.

"Mumesikia wote? Basi semeni kamba zenu."

Wakuu, vinywa vilifunguka kama ghala. Rubani alikaa chini kwenye tuta na penseli na ramani yake mwenyewe, Shangazi akachuchumaa pembeni yake, mimi katikati natafsiri, nimefungwa kitenge cha maua kiunoni.

"Hapa iko moja, ya Mama Zaina. Na hapa. Hii ya pale mutoni iko ndefu, usiiandike fupi."

"Yangu usisahau!" akaita mtu nyuma.

"Ya kwako iko fupi, haiui mutu."

"Inaua vizuri!"

"Kapita iko na mbili," sauti nyingine ikasema.

"Nani amesema?" kapita akauliza.

"Mke yako."

Hata katekista alikuwa nayo. Hata muadhini, na yake ilivuka njia ambayo helikopta ilikuja nayo asubuhi. Rubani alipoona hiyo aliweka penseli chini kidogo, akajifuta uso, akaendelea.

Walipomaliza, ramani ilikuwa imejaa mistari kama wavu wa samaki. Rubani akaitazama, akamshika Shangazi mkono kwa mikono yake miwili, akasema asante kwa Kiswahili kibovu. Halafu akamwambia Sasa-Hivi kwamba bonde hili hawezi kuliruka mtu yeyote aliye na akili timamu. Akapanda mashine, akaenda juu sana, moja kwa moja, mpaka akawa inzi, akarudi Kasongo.

Hai.

Dawa ya pamba iliyobaki ilinyunyizwa kwa bomba la mgongoni. Mgongo ulikuwa wangu. Msimu mzima. Sasa-Hivi hakunitazama usoni tena mpaka alipohamishwa, na ile suruali ya Leta haikuniacha nisahau, maana ilipasuka kwenye waya na nilipewa nyingine ya mtu mfupi.

Mpunga wa Shangazi uliumia kidogo pale helikopta ilipopiga upepo. Punje zilimwagika kabla ya wakati. Alizikusanya na ungo, akinung'unika kwamba wazungu wanapura mpunga mbichi.

Funzo. Baadaye nilisoma mpaka chuo kikuu, nikaandika makala ndefu zilizosomwa na mimi na mhariri, na mhariri sina hakika. Nimesoma mengi kuhusu usalama. Lakini nilichojifunza siku ile hakijapitwa.

Niliulizwa kama waya zipo, nami nikajibu swali lingine kabisa: nani atafungwa? Bonde zima lilikuwa linajibu hilo swali lingine. Hatukuwa watu wabaya. Hakuna aliyetaka yule mtu afe. Tuliogopa tu kuwa wa kwanza kusema, na woga wa watu mia moja ungemuua bila mtu hata mmoja kumchukia.

Kwa hiyo ninyi vijana wa droni na ndege za dawa, kabla ya kuangalia ramani, nendeni mkakae na mama mwenye shamba. Mhakikishieni kwanza kwamba hataumia kwa kusema. Halafu muulizeni. Atawaonyesha mpaka za jirani.

Uwanja ni wenu. Kama kuna mtu humu aliyefanya kazi na ndege za dawa, namuuliza kwa dhati: siku hizi mnazijuaje waya ambazo haziko kwenye ramani? Na kama wewe uliwahi kunyamaza kazini juu ya kitu ambacho kingeweza kumuua mwenzako, kiandike hapa chini. Hatukufungi.